Pumzi Kabla ya Kiitikio

Kabla kiitikio hakijaingia, mtu alivuta pumzi, na mtu huyo hakuwa mwimbaji.

Fundi aliisikia akiwa kwenye cherehani yake, chumba cha mbele, pini zimejaa mdomoni. Ukuta uliomtenga na chumba cha kazi cha mumewe ulikuwa mwembamba, naye alishazoea kusikia wimbo mmoja ukirudiwa mpaka unamtoka puani. Wimbo wa siku hiyo ulikuwa wa Dereva, jirani yao mwenye teksi, mwanamume wa shingo nene na sauti nzito kama kabati linalosukumwa. Dereva akivuta pumzi, mtaa mzima unajua. Hii ilikuwa nyembamba, ya karibu, pumzi ya mwanamke anayetaka kusema jambo halafu akaghairi.

Alitema pini kiganjani. "Baba! Nani huyo?"

"Nani nani?" mumewe alijibu kutoka ndani.

"Huyo mwanamke."

"Mwanamke gani tena, mama? Niko na Dereva hapa. Labda umwambie yeye, huenda hana habari."

Wanaume wakacheka. Fundi hakucheka. Niwaambie kitu: mke unaweza kumdanganya macho, ukamdanganya kwa ahadi, hata kwa zawadi ikibidi, lakini masikio yake yako zamu usiku na mchana. Alirudisha pini mdomoni akashona pindo lile kwa hasira hadi uzi ukakatika.

Mumewe waliomjua walimwita Chapchap, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kuchanganya nyimbo. Waimbaji walimletea sauti, ngoma, besi na gitaa, kila kimoja na mstari wake kwenye kompyuta, naye akavipanga mpaka vikae pamoja bila kugombana. Wenzake walilala na wimbo mmoja wiki nzima. Chapchap aliweka kikombe cha chai pembeni, na chai haikupoa kabla hajamaliza. Mashine za kutisha hakuwa nazo. Alikuwa na kompyuta kuukuu, spika mbili na maikrofoni moja yenye kofia ya sifongo. Watu walimrushia ile methali ya haraka na baraka, akawajibu kwamba baraka nazo zina miguu.

Utaratibu wake haukuwa siri. "Unazima kila kitu," alikuwa akisema. "Unawasha kimoja kimoja. Ukishakiwasha, kizime tena usikilize. Umekikumbuka? Kirudishe. Hujakikumbuka? Kitupe, kilikuwa kinakula nafasi ya wenzake. Wimbo si gunia la mkaa, kwamba ujaze mpaka ulifunge kwa kamba."

Sasa, siku ile ya Dereva walitoka kwenda kula mchana wakasahau kuzima maikrofoni, na kompyuta ikabaki ikirekodi chumba kitupu. Waliporudi wakakuta mstari mrefu usio na mwenyewe. Chapchap alitaka kuutupa, lakini desturi ni desturi, akausikiliza kwanza. Kimya, kimya, halafu ile pumzi. Akaizima. Wimbo ukapooza kama mchuzi usio na chumvi. Akaiwasha, na Dereva, pamoja na sauti yake ya kabati, akawa ghafla mtu anayependwa na mtu.

"Nani kavuta pumzi humu?" Dereva aliuliza.

"Upepo huo."

"Upepo gani, ndugu yangu, dirisha limefungwa?"

"Wewe unataka wimbo au unataka kesi?"

Dereva alitaka wimbo. Chapchap akaisogeza ile pumzi mpaka kabla ya kiitikio, akaiongeza kidogo. Mtu usiyemjua ukimkuta sebuleni kwako unamuuliza ametoka wapi na amefuata nini. Chapchap alimvutia kiti, akamwambia asogee karibu.

Wimbo ule ulishika moto. Ulipigwa kwa vinyozi na kwenye vibanda vya simu, na watoto waliigiza ile pumzi kabla ya kuimba kiitikio. Waimbaji wakaanza kupanga foleni mlangoni, na kila mmoja alitaka "kile kitu cha Dereva". Chapchap naye akaunakili ule mstari kwenye kila wimbo uliopita mikononi mwake, mahali palepale, kabla ya kiitikio. Kazi ikazidi kuwa ya haraka. Alisema siku hizi hata hafikirii, mkono unajua wenyewe cha kuzima.

Fundi alikuwa na furaha na wateja, asiwe nayo kwa nini? Lakini aliona mambo. Aliona mumewe anaoga kabla ya kuingia chumba kile, yeye ambaye zamani aliingia na fulana ya kulalia. Aliona anachagua shati. Aliona mlango, ambao tangu waoane ulikuwa ukiachwa wazi ili wapigiane kelele za mchana kutwa, sasa unarudishwa taratibu kama mlango wa chumba chenye mgonjwa. Na siku moja alipoingia kufagia, akashika kofia ya maikrofoni ili aikung'ute vumbi, akakuta imelowa chapachapa. Ilikuwa ya vuguvugu. Ilinukia waridi kwa juu, na chini ya waridi kulikuwa na harufu ya chuma kilichokaa majini.

Alimpelekea mkononi. "Hii nini?"

"Sifongo."

"Imelowa mate."

"Waimbaji wana mate, mama. Ni binadamu."

"Leo hajaja mwimbaji."

Chapchap aliichukua. Aliisogeza puani, na kilichomuumiza Fundi hakikuwa kule kunusa, bali tabasamu lililofuata, tabasamu dogo ambalo mara ya mwisho alilipata yeye, kabla hawajaoana, siku alipompima shati kwa mara ya kwanza na vidole vyake vikachelewa begani. Wivu ukampanda mpaka kooni. Tangu siku hiyo kile kilichokuwa chumbani alikiita jina moja tu, mke mwenza.

"Mke mwenza wako amekula?" alimuuliza mumewe wakati wa chakula.

"Acha utani, bwana."

"Nimpakulie?"

Mchana mmoja wa mvua Chapchap alitoka kwenda kununua waya, na Fundi akaamua amalize udhia. Aliingia, akakaa kwenye kiti cha mumewe, akavaa hedifoni, akazima kila kitu kama alivyomwona akifanya, akauacha ule mstari mmoja. Kimya. Halafu pumzi. Haya, alisema moyoni, ni pumzi tu, mjinga mimi. Alikuwa akinyoosha mkono azime alipoisikia tena, mahali ambapo haikupaswa kuwepo, kisha tena, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyogundua kwamba pumzi ile inapanda anapopanda yeye na inashuka anaposhuka yeye, kwamba akibana ya kwake nayo inabanwa, inamngoja, na kwamba upande wa kushoto wa shingo yake, pale chini ya sikio ambapo hedifoni hazifiki, ngozi ilikuwa inapata vuguvugu na kupoa, inapata vuguvugu na kupoa, huku harufu ya waridi na chuma ikimjaa mdomoni kana kwamba ndiye anayeitoa.

"Wewe," sauti ilinong'ona bila haraka, "unaondoka lini?"

Fundi alizivurumisha hedifoni ukutani. Mumewe aliporudi akamkuta uani, amesimama mvuani, analia.

"Kuna mtu chumbani kwako," alimwambia. "Ameniuliza naondoka lini."

Chapchap alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga, kisha akaenda kuokota hedifoni zake. Hakumjibu neno.

Basi Fundi akajua kanuniwa. Na yeye kununa anakujua, kafundishwa na mama yake. Alinuna. Alipomwita mezani asiitike, alisema sawa. Alipomuuliza ufunguo uko wapi akapita kama anapita kwenye nguzo, alisema sawa, tutaona nani atachoka. Wateja walikuja, wakapimwa, wakapiga soga na Fundi wakaondoka. Yeye na mumewe hawakusemezana, na kila mmoja aliona kosa ni la mwenzake.

Aliyevunja ukimya alikuwa Chapchap. Alitoka chumbani kwake asubuhi na kikombe mkononi, akaegemea mlango, akamtazama mkewe kwa upole.

"Mama, kama nimekukosea nisamehe. Huongei, haya. Lakini hata kushona umeacha?"

Fundi aliinua uso. Mguu wake ulikuwa kwenye pedali. Cherehani ilikuwa inanguruma, ile cherehani kongwe ambayo ikianza kazi vikombe vinatetemeka kabatini, na kitambaa kilikuwa kinapita chini ya sindano.

"Unasemaje?" aliuliza.

Chapchap alingoja jibu. Alikuna sikio.

"Baba, hunisikii?"

"Bado tu umenuna," alisema Chapchap kwa huzuni.

Fundi alipiga ukelele. Mwuza mkaa wa ng'ambo ya barabara alitoka mbio na koleo akiuliza mwizi yuko wapi, na Chapchap akageukia dirishani, akamjibu kwamba hakuna mwizi, kumetulia kabisa. Mwuza mkaa alimsikia Fundi. Mtaa ulimsikia. Mumewe, aliyesimama hatua mbili kutoka kwake, alipuliza chai yake.

Fundi alichukua simu akamwandikia: *Nakuita. Nakuita sasa hivi.* Simu ya Chapchap ikalia mfukoni. Alisoma, akamtazama mdomo, na Fundi akamwita tena kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kikombe kilianguka.

"Mungu wangu," Chapchap alisema. "Tangu lini?"

Hapo ndipo Fundi alipoumia kuliko siku zote. Mumewe hakuwa anajua tangu lini. Alikuwa ameishi ndani ya nyumba ile bila sauti ya mkewe, akala, akalala, akachanganya nyimbo za watu, na hakuona pengo.

Fundi alimpigia simu shangazi yake. Shangazi aliuza sabuni za vipande asubuhi na kutoa majini mchana, na zote mbili alizifanya kwa ukali uleule. Alifika na kapu lake, akavua viatu, akanusa.

"Ni jike," alisema. "Na linajipenda. Mkwe wangu, ulilikaribisha wewe?"

"Mimi, Shangazi? Mimi nilisikia pumzi tu."

"Ukafanyaje?"

Chapchap aliinamisha kichwa. "Nikaiongeza."

"Aaah! Angalia mwanamume huyu!" Shangazi alipiga makofi. "Watu wanaita majini kwa kafara, wewe unaita kwa kidole!"

Alifukiza chumba, akasoma alichokuwa akisoma, akagonga spika kwa fundo la kidole kama anayegonga mlango wa mdaiwa. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Hata hivyo spika zikavuma kidogo, na harufu ya waridi ikatanda, ikachacha, ikawa chuma, na wote watatu waliisikia sauti ikianza kusema chini kabisa, ile sauti ya mtu anayeongea karibu sana na maikrofoni, ambayo unaisikia mpaka ulimi wake unavyobanduka kwenye kaakaa.

"Sikujileta. Alinizima akanikumbuka, akanirudisha. Mwenye utaratibu ni yeye, mimi nimeufuata. Huyu nilimzima ili tuone." Spika zikapumua. "Je, alimkumbuka?"

Fundi alimtazama mumewe, na mumewe alitazama sakafu.

Shangazi aliwatoa nje, akanong'ona. "Nisikilizeni vizuri, maana sirudii. Halikai chumbani, linakaa kwenye ule mstari. Mkwe, ufute. Kwenye kila wimbo. Na pale ulipokuwepo usiweke kitu, si gitaa, si ngoma, si mtu. Pabaki tundu. Wimbo ufe ukitaka kufa. Kiti chake kikikaliwa kabla hakijapoa, mimi msinipigie simu."

Chapchap alifuta. Alifuta alasiri yote, machozi yakimtoka, na kila alipofuta spika zilitoa mguno mdogo wa mtu anayechomolewa mwiba. Alipofuta wa mwisho, wa Dereva, Fundi alikuwa amesimama nyuma yake. "Baba," alisema, bila matumaini.

Chapchap aliruka kitini. Alimkumbatia, akamwambia aseme tena, na tena, akacheka na kulia kwa pamoja. Fundi akamtajia majina yake yote ya mahaba na matusi mawili juu, na akayasikia yote.

Ingeishia hapo. Wallahi, ingeishia hapo.

Lakini asubuhi yake Dereva alikuja. Alikuwa amealikwa kuimba mbele ya watu wengi wikendi ile na alitaka wimbo wake. Chapchap alimwekea. Kabla ya kiitikio pakawa na tundu, na wimbo ukaingia pale ukavunjika mguu. Dereva alishika kichwa.

"Umeniua, ndugu yangu."

"Nitakuwekea gitaa."

"Gitaa! Watu wanataka pumzi yao!"

Dereva alipoondoka, Chapchap alikaa akilizungusha lile tundu, mbele na nyuma. Kisha akamwita mkewe, na sauti yake ilikuwa na aibu. "Mama, njoo mara moja. Simama hapa. Vuta pumzi tu."

Fundi alijua Shangazi alisema nini. Tusimwonee mumewe peke yake, alijua neno kwa neno. Lakini alifikiria vinyozi na vibanda vya simu, alifikiria watoto wa mtaa wakiigiza, na mumewe akiunakili ule mstari kwenye kila wimbo, na safari hii aliyemo ni yeye. Alifikiria yule mke mwenza, popote alipotupwa, akisikiliza. Moyo ulimjaa. Alitaka akikalie kile kiti mbele ya macho ya mwenyewe.

"Nivute tu?" aliuliza.

"Vuta. Ukitaka, cheka. Sema chochote, nitachagua."

Mtu mwingine angefungua mstari mpya. Kufungua mpya kulihitaji kuupanga upya wote, ukaribu wake, mwangwi wake, uzito wake. Ule wa zamani ulikuwa bado upo, umefutwa kilichomo, lakini umekaa vilevile na kila kitu kimeshapangwa kikapendeza. Chapchap alikuwa mtu wa haraka. Akamrekodi mkewe humohumo.

Fundi alivuta pumzi. Akacheka. Akasema, "Mume wangu." Akasema, "Chakula tayari." Sifongo ilimgusa mdomo, nayo ilikuwa kavu na safi, na mumewe alinyanyua kidole gumba akitabasamu lile tabasamu, lake mwenyewe, limerudi. Wimbo ulikamilika chai ikiwa bado ya moto. Ulikuwa mtamu kuliko wa kwanza.

Jioni alikuwa chumba cha mbele, anapiga pasi gauni la mteja, anajiimbia. Alikuwa katikati ya neno alipogundua kwamba hajisikii. Midomo ilikuwa inakwenda. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Alikohoa, pakawa kimya. Aliipiga meza ya pasi kwa kiganja, na kiganja kikauma bila mlio. Alikimbilia mlangoni akamwita mwuza mkaa, akamwita kwa mikono miwili, na mwuza mkaa akaendelea kujaza magunia yake, mara moja akatazama upande wake kama mtu anayetazama ukuta.

Ndipo alipomsikia mtu akicheka chumbani kwa mumewe. Alikijua kicheko kile. Alikuwa nacho tangu utotoni.

"Mume wangu," sauti yake ilisema kule ndani, tamu, ya karibu sana. "Chakula tayari."

"Nakuja, mke wangu, namalizia hapa," Chapchap alijibu, na wakacheka pamoja, na Fundi alisimama kwenye korido akiwa ameushika ukuta huku kinywa kimeachama, akipiga mayowe ambayo hayakutikisa hata pazia, na pasi aliyoiacha juu ya gauni ikaanza kutoa moshi, na harufu ya waridi ikaja ikaufunika moshi wote, mpaka mlango ukafunguliwa.

Chapchap alitoka amevaa shati safi. Alimwona. Alisita kidogo, kisha akatabasamu kwa adabu, tabasamu la mwenye nyumba kwa mtu baki.

"Karibu, dada. Samahani, hatukukusikia ukibisha hodi. Umemfuata fundi?"

Fundi alimshika mikono yote miwili. Chapchap aliitoa yake polepole, akiona haya, akageuza shingo kuelekea chumbani.

"Mama! Kuna mteja wako hapa."

Ndani mtu alivuta pumzi.

"Mwambie aje kesho," sauti ya Fundi ilijibu. "Nguo yake haijawa tayari."